Siku Baba Alipoomba Padi

Jumapili, mwezi wa saba. Mugutha, Ruiru.

Leo baridi imekataa kutoka. Tangu asubuhi kuna yale manyunyu ya Julai ambayo hayamlowanishi mtu, lakini nguo kwa kamba hazikauki. Nimevaa soksi jozi mbili, moja juu ya nyingine, na nimejifunika blanketi mpaka kiunoni. Nyumba imenyamaza hadi nasikia maji yakipita kwa bomba la jirani wa juu.

Wiki hii nilikuwa niandike kitu kingine kabisa. Wale mnaonisoma hapa kwa blogu mnajua huwa naongea juu ya gemu: gani inaingia kwa simu ya bei ya chini, gani itakumalizia bando kabla hujacheza hata mara moja, gani imejaa matangazo mpaka unasahau ulikuwa unacheza nini. Msomaji mmoja aliniuliza kwa komenti nimpendekezee gemu ya mtu mzima ambaye hajawahi kushika gemu maisha yake yote. Nikajiambia hiyo ni rahisi, nitamjibu kwa aya moja.

Nimejaribu mara tatu. Kila nikianza, najikuta naandika juu ya Baba.

Basi wacha niandike juu ya Baba.

Mimi ni Njeri, na Njeri lilikuwa jina la mama yake. Ndiyo sababu tangu nizaliwe ananiita Maitu, yaani mama. Hata akinigombeza, ananigombeza kama mtu anayemheshimu. Alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda kimoja cha nguo Thika, na tulikaa Makongeni, chumba kimoja na jikoni. Watu wa mtaa walimjua kwa ovaroli yake ya bluu na kwa kutoongea.

Nikiwa darasa la saba, kulikuwa na chumba cha mabati nyuma ya bucha, si mbali na kwetu. Mwenyewe aliitwa Kamande, mtu mpole aliyevaa miwani iliyoungwa kwa waya. Alikuwa na televisheni mbili zile za mgongo, mashine mbili za gemu na benchi mbili za mbao. Ulicheza mechi moja ya mpira, na sheria ilikuwa moja tu: ukifungwa, unapeana padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Hakuna kubishana. Unainuka, mwingine anaketi mahali pako pakiwa bado na joto.

Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani. Wiki ya kwanza walinicheka. Wiki ya pili nilimfunga mmoja wao mabao manne, na kicheko kikahama.

Siku hizi nacheza mpira mtandaoni, na nitasema ukweli hata kama nitakosa marafiki: haufurahishi vile. Ukifungwa, unatukanwa na mtu ambaye hujui hata yuko nchi gani. Ukishinda, anakatiza mtandao ili isihesabiwe. Wakijua wewe ni mwanamke, ndio balaa. Mimi nimezima maikrofoni miaka mingi na natumia jina ambalo halisemi kama ni la mwanamume au la mwanamke. Kwa Kamande kila mtu alijua mimi ni nani, binti ya nani, na nilitumwa maziwa saa ngapi. Aliyekufunga mlikuwa mmegusana mabega. Mechi ikiisha mnagawana andazi.

Natamani ile benchi kuliko ninavyotamani shule niliyosomea.

Likizo moja ya Desemba Kamande aliandaa shindano. Mshindi angepata jezi mpya, iliyokuwa imetundikwa ukutani ndani ya karatasi yake ya nailoni. Nilipita mechi baada ya mechi mpaka fainali. Ilikuwa Jumamosi mchana, chumba kimejaa hadi wengine wanatazama kupitia dirishani. Nilikuwa naongoza mbili kwa moja na zimebaki dakika chache.

Kisha kelele ikakatika nyuma yangu, kama redio imezimwa. Sikugeuka, nilidhani ni wasiwasi wa mechi. Nikaona mkono wa bluu ukipita kando ya bega langu, ukienda kwa ukuta, na televisheni ikawa nyeusi.

Baba alikuwa amechomoa waya.

Hakunipiga. Hakumtukana Kamande. Alisema tu, "Hapa si mahali pako, Maitu," akatoka. Nilimfuata nyuma mpaka nyumbani, hatua kumi kati yetu, na vijana wote wakiwa wamesimama barabarani wakitutazama. Sikurudi tena kwa Kamande. Sikuwahi kuuliza jezi ilienda kwa nani.

Hiyo ni hadithi ambayo nimeibeba miaka ishirini. Nimeshaisimulia kwa marafiki nikicheka, lakini haijawahi kunichekesha.

Na sasa mnisikie nikikiri jambo la aibu. Nilipopata kazi hapa Ruiru, kwa duka la dawa, kitu cha kwanza kikubwa nilichonunua ni mashine ya gemu. Na kila Baba alipokuja kunitembelea, niliifunga kwa leso na kuisukuma chini ya nguo kwa kabati. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, ninayejilipia nyumba, naficha gemu kama mtoto amebeba sigara.

Mwaka huu, mvua kubwa zilipoanza, Baba alipata kiharusi.

Kilimshika upande wa kulia. Mguu ulirudi haraka kidogo, akawa anatembea na fimbo. Maneno yalirudi polepole, yakiburuta. Mkono ndio uliokataa. Kwa sababu kliniki ya mazoezi iko hapa karibu, tulikubaliana akae kwangu, na Mama abaki Thika kuangalia nyumba na kuku wake.

Aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ni dada mmoja mchangamfu anaitwa Akinyi. Alimpa mpira laini wa sponji awe anaufinya nyumbani, mara nyingi kwa siku. Baba aliuweka dirishani siku ya kwanza na haukuondoka hapo.

"Mpira ni wa mbwa," akaniambia.

Mtu ambaye mikono yake ilikuwa inafungua mashine kubwa kuliko nyumba yetu, leo anaambiwa afinye sponji. Nilimwelewa. Lakini siku zilikuwa zinapita. Alikaa akitazama ukuta, mkono umelala kwa mapaja kama kitu cha mtu mwingine alichopewa akishike. Akinyi akaniita kando.

"Dada, mkono haurudi kama mwenyewe hautaki urudi," akasema. "Tafuta kitu anachokitaka."

Nilifikiri juu ya hilo wiki nzima na sikupata jibu. Baba hakuwa mtu wa kutaka vitu.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana alienda kulala. Nilikuwa sijacheza karibu mwezi, na mwili ulikuwa unaniwasha. Nikaitoa mashine kabatini, nikazima sauti, nikaweka ile gemu yangu ya malori. Nimewahi kuitaja hapa: unabeba mzigo kutoka mji mmoja hadi mwingine, barabara ndefu, hakuna wa kumpiga risasi, hakuna saa inayokukimbiza. Wengi huniambia inachosha. Mimi huipenda kwa sababu inanituliza baada ya siku nzima ya kusoma mwandiko wa madaktari.

Nilikuwa nateremka mlima na trela la mbao.

"Utachoma breki."

Nilishtuka mpaka padi ikanianguka. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo. Sijui alikuwa hapo kwa muda gani. Nilihisi shingo ikipata moto vile vile kama nikiwa darasa la saba, na macho yangu, wallahi, yalikwenda kwa waya ukutani.

Alikuja polepole akaketi kando yangu.

"Lori lenye mzigo haliteremshwi na breki," akasema. "Rudisha gia chini. Injini ndiyo ilishike."

Nikaokota padi, nikarudisha gia. Lori likatulia, likashuka kama mtu mzima.

"Umebeba nini?"

"Mbao, Baba."

"Unapeleka wapi?"

"Mji fulani huko Ulaya."

Akatazama kwa muda. Kisha akasema, "Barabara yote hiyo haina shimo hata moja? Huo ni uongo," na akacheka. Upande mmoja tu wa mdomo ndio uliocheka, lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Ndipo akaniambia kitu ambacho sikuwahi kujua. Kabla ya kiwanda, kabla ya Mama, alikuwa tanboi kwa lori la mananasi, miaka miwili. Kazi yake ilikuwa kupakia, kufunga turubai na kuweka jiwe chini ya gurudumu. Dereva wake alimwahidi kumfundisha kuendesha. Halafu lori likauzwa, na Baba akatafuta kazi nyingine.

"Sikuwahi kushika usukani," akasema. Akaninyooshea mkono wa kushoto. "Hebu lete hiyo kitu."

Niliweka padi mapajani pake. Nikamchukua mkono wa kulia, nikapanga vidole kimoja kimoja. Kwa padi, mafuta hukanyagwa kwa kitufe cha nyuma, kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Hakuna njia nyingine, au labda ipo kwa mipangilio na sikutaka kuikumbuka.

Lori halikusonga.

Injini ilikuwa inanguruma tu. Baba alikitazama kidole chake kama msimamizi anayemtazama mfanyakazi aliyegoma. Jasho lilimtoka kwa paji la uso, na nje ni baridi. Nikanyoosha mkono nimsaidie kubonyeza.

"Wacha."

Nikawacha. Tulikaa hivyo, sijui robo saa, sijui zaidi. Kisha mshale wa dashibodi ukatikisika, na lori likaenda mbele kama urefu wake mwenyewe, likasimama.

"Imesonga," akasema.

"Imesonga, Baba."

Nilienda jikoni kuangalia chai ambayo sikuwa nimeiweka, nikalilia kwa taulo ya vyombo.

Kwa hivyo msomaji wangu, jibu lako ni hili. Usimpe mtu mzima gemu uliyoambiwa ni nzuri. Usimpe ile yenye picha za kung'aa wala ile kila mtu anaizungumzia. Muulize kwanza maishani alitaka kufanya nini akakosa, halafu utafute hiyo. Kama alitaka shamba, kuna za shamba. Kama ni mtu wa maneno, kuna za herufi. Na ukishampa padi, funga mdomo. Sisi tunaocheza tuna ugonjwa wa kumwambia mtu bonyeza hapa, bonyeza pale. Mwache agonge ukuta wake.

Baba aligonga nyingi. Wiki ya pili alipindua trela zima la maziwa kwenye kona, akaitupa padi kwa kochi na kusema huu ni upumbavu wa watoto. Hakuniongelesha mpaka jioni. Kesho yake niliamka nikamkuta ameketi mbele ya televisheni, kofia yake ya kanisani kichwani.

"Hii inawashwa wapi?" akauliza.

Aliendesha kila siku, asubuhi kidogo na jioni kidogo. Aliwasha indiketa kwa barabara isiyo na mtu. Alikataa kumpita yeyote. Mvua ikinyesha ndani ya gemu, alipunguza mwendo na kuniambia nifunge dirisha la sebule. Kidole kilianza kukanyaga nusu, kisha kukanyaga na kuachilia. Akinyi alimshika mkono siku moja kliniki, akamtazama, akaniuliza, "Mmekuwa mkifanya nini nyumbani?" Baba akanitangulia kujibu. "Kazi," akasema.

Nilimwonyesha pia jinsi ya kuingia mtandaoni, pale unapokutana na malori ya watu wengine. Niliogopa. Najua watu wa mtandao. Lakini siku moja alijiunga na msafara wa malori sita, kidole kikachoka katikati ya safari, akaegesha kando. Nilidhani watamwacha. Mmoja akaandika kwa Kiingereza akiuliza kama kuna shida. Nikaandika kwamba dereva ni mzee na mkono wake unapona.

Malori yote matano yakaegesha nyuma yake. Yakawasha taa za dharura, yakangoja.

"Wanangoja nini?" Baba akauliza.

"Wewe."

Alipumzika, akaukunjua mkono, akaanza tena, nao wakamfuata. Mwishoni akaniambia niwaandikie asante, na wasikimbie, mbele kuna ukungu. Nimeutukana mtandao kwa miaka mingi hapa kwa blogu, na mengi ya matusi hayo siyaondoi. Ila hilo nimelihesabu.

Halafu Mama akaja.

Ilikuwa Jumapili, wiki tatu zilizopita. Alitoka moja kwa moja kanisani Thika, na kitambaa chake cha kichwa na kiondo cha viazi na ndizi. Akafungua mlango akamkuta mume wake anarudisha trela kinyumenyume kwa bohari, ulimi nje kama mtoto anayeandika.

"Haiya! Si huyu ndiye alichomoa waya kwa Kamande?"

Akacheka mpaka akaketi. Mimi sikucheka. Na Baba hakucheka. Aliliegesha lori lake sawasawa, akavuta breki ya mkono, akaiweka padi chini. Mama akaanza kumenya viazi, bado anatabasamu, hajui amegusa kidonda gani.

"Siku hiyo," Baba akasema, na maneno yakaja moja moja, "ndiyo siku walituambia tusirudi kazini."

Kisu cha Mama kikasimama. Kiwanda kilimwachisha kazi mwaka ule, hilo sote tulijua. Lakini alituambia baada ya Krismasi. Hatukujua kwamba wiki zile zote kabla ya hapo alivaa ovaroli kila asubuhi na kwenda kutembea.

"Sikuweza kuja nyumbani mchana," akasema. "Mngeniuliza. Nikazunguka. Nikapita kwa bucha nikasikia sauti yako. Nilisimama mlangoni, Maitu. Nilisimama kitambo. Ulikuwa unacheza vizuri. Vijana wakubwa wote walikuwa wanakutazama wewe."

Akaupapasa mkono wake wa kulia. Nilidhani amemaliza.

"Nikaona mtoto wangu anajua kitu, na mimi sijui kesho nitakulisha nini. Nikakasirika. Haikuwa wewe."

Miaka ishirini nilikuwa nimeamini kwamba aliingia tu, hakuona kitu, akazima. Kumbe alikuwa mtazamaji wangu. Kumbe kati ya wote waliokuwa kwa ule mlango, yeye alikuwa mmoja.

"Ungeshinda?" akaniuliza.

"Sijui, Baba. Zilikuwa zimebaki dakika chache."

"Ungeshinda," akasema. Akachukua padi, akaachilia breki ya mkono, akaendelea kurudi nyuma.

Mama aliegemea ukuta, kiazi kimoja mkononi, akamtazama mumewe kama mtu anayejaribu kumkumbuka. Baadaye, tukiosha vyombo, aliniambia tu, "Wiki zile nilikuwa nampakia chakula cha mchana." Nilijua anajiuliza alikuwa anakilia wapi.

Sitadanganya hapa kwamba kila kitu kiliyeyuka. Hasira ya miaka ishirini ni kama kabati kubwa ndani ya chumba kidogo: umezoea kupita upande. Likiondolewa, bado unapita upande siku kadhaa. Kuna asubuhi nimeamka nikiwa na uchungu mpya, kwamba angeniambia mapema, kwamba ningerudi kwa ile benchi. Nilikuwa na kipaji, nadhani. Sasa nina maoni tu. Lakini nilipomsikia sebuleni akijisemea "taratibu, taratibu" kwa lori lake, uchungu haukuwa na pa kukaa.

Ijumaa Akinyi alimpa kikombe kilichojaa chai. Baba alikiinua kwa mkono wa kulia, akanywa, akakirudisha mezani bila kumwaga tone. Akinyi akapiga makofi. Mimi pia. Akasema sasa anaweza kurudi nyumbani, awe anakuja mara moja kwa mwezi.

Leo mchana Mama amekuja kumchukua. Nilimwambia Baba abebe mashine, nitanunua nyingine. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hii ni yako," akasema. "Iweke hapo mezani, wageni waione." Nimemwahidi nitaenda Thika Jumamosi ijayo. Sitasubiri sababu.

Kesho nafungua duka saa mbili. Kuna komenti kumi na nane sijajibu, na moja ni ya mtu anayetaka kujua kama gemu mpya ya mpira inafaa. Haifai. Ni ile ya mwaka jana wamebadilisha jezi.

Lakini wacha niandike hili kabla sijaliogopa.

Kabla hawajaondoka, Mama alimletea koti lake zito, akataka kumfungia. Baba akasema atajifungia. Tukasimama wawili mlangoni tukijifanya tunaangalia mvua, ili asihisi tunamtazama. Vifungo vitano. Alianza na cha juu. Kidole cha shahada kilitafuta tundu, kikakosa, kikatafuta tena. Kilichukua muda mrefu sana. Nilikuwa nikiomba afaulu, naapa nilikuwa nikiomba.

Alipofika cha nne, moyo wangu ukabadilika. Nilijua cha tano kikiingia, anaenda.

Nimefurahi mkono wa baba yangu umepona. Na kuna sehemu yangu, ambayo leo siwezi kuificha popote, iliyotamani lile koti liwe na vifungo vingine vichache.